Jimu ya ghorofani Nakuru: je, inamfaa bondia anayetoka ridhaa kwenda ngumi za kulipwa?

Mimi si bondia. Nina hoteli ndogo hapa Nakuru, na ada ya mdogo wangu kwenye jimu hii naitoa mimi, shilingi 3,000 kila mwezi, kwa hiyo haki ya kusifu na kulalamika ninayo. Jimu yenyewe iko juu ya duka la vipuri, mtaa wa nyuma ya Kenyatta Avenue. Ngazi ni za chuma, na mvua ikinyesha zinateleza vibaya. Ndani kuna ulingo mmoja, mabegi yaliyotiwa viraka vya turubai, kioo chenye ufa, na kocha wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza ananiita Mama Hoteli ijapokuwa sina mtoto.

Mdogo wangu anapigana uzani wa welta, si mwepesi sana wala mzito. Ridhaa amecheza miaka kadhaa na mchezo wa raundi tatu anaujua sana: anaingia kwa kasi, anagusa, anatoka kabla hajaguswa. Kwenye ngumi za kulipwa utaanza na raundi nne au sita, ukipanda ni nane, kumi, na ubingwa wa dunia ni 12. Kwa hiyo wiki za mwanzo kocha hakumfundisha ngumi yoyote mpya. Alimweka ulingoni raundi sita, kila baada ya mbili anamletea mtu mwingine ambaye hajachoka. Kufika raundi ya nne mikono ya kijana wangu ilikuwa imeshuka kiunoni, na kocha anapiga kelele kutoka kwenye kamba: "Unakimbilia nini? Matatu imekuacha?" Watu wote walicheka. Yeye hakucheka, lakini kesho yake alirudi, na siku hizi namwona anatembea badala ya kurukaruka, anapiga mbavu kwanza na kichwa anakiacha kingoje.

Kulikuwa pia na kijana wa Kisumu aliyekuja kujiunga. Mwenyewe anasema kule ziwani alikuwa hashikiki. Hapa tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na siku za kwanza alikuwa akimaliza raundi moja anatafuta dirisha. Hilo hulilipii jimu, ni hewa ya Nakuru tu, lakini nalihesabu.

Kitu kilichonifanya niendelee kulipa ni siku ya mikono. Kwenye ridhaa mdogo wangu alizoea bandeji za kufua na glavu za wakia 12. Welta wa kulipwa anavaa wakia 8. Kocha alimkalisha kwenye kiti kilichogeuzwa nyuma mbele, akafungua roli ya shashi, akazungusha kiganjani, akakata plasta vipande vyembamba na kuvipitisha kati ya vidole kimoja kimoja. Kila mara alimwambia akunje ngumi, akunjue, akunje tena. Penye vifundo plasta haikupita, kwa sababu siku ya pambano kuna mtu wa kukagua na akiikuta hapo unafunguliwa uanze upya. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyokanda chapati za asubuhi. Mdogo wangu alipopiga begi na zile glavu ndogo mlio ulikuwa mwingine kabisa. Halafu akavalishwa mwenzake, na mdogo wangu akaonja upande wa pili. Glavu ndogo haifichi uso kama ile kubwa. Usiku huo alikula uji tu.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni karatasi ya chakula. Sijui waliitoa wapi kwenye intaneti. Imeandikwa shayiri, brokoli na samaki wa salmoni! Nakuru! Mimi nimempa ugali, omena, mayai na sukuma, na uzani wake uko sawa. Ila kwa upande wa kupima uzani kocha ni mkali, na hapo namsifu. Ridhaa mnapimwa asubuhi ya siku ya kupigana. Kwenye kulipwa kwa kawaida mnapimwa siku moja kabla, kwa hiyo vijana wanashawishika kujikausha maji kwa kukimbia ndani ya nailoni wakijua usiku watakunywa. Yeye akimkuta mtu na nailoni anamrudisha nyumbani.

La pili ni daktari. Hawana, wala hawana makubaliano na zahanati yoyote. Mambo ya vipimo vya damu na picha ya kichwa tulijitafutia wenyewe tulipoanza kufuatilia leseni ya ngumi za kulipwa. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyewahi kushinda dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki, Seoul 1988, alikuwa welta kama huyu wetu, na alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano. Mama yetu anaikumbuka hiyo habari redioni. Jimu inayojiita ya ngumi za kulipwa isiseme daktari ni shauri la mteja.

La tatu ndilo lililonichoma. Kuna meneja anayepita pale jioni, si mfanyakazi wa jimu lakini kiti anapewa. Alimletea mdogo wangu mkataba wa miaka mitano. Yeye achukue thuluthi ya kila malipo, na gharama za kambi zikatwe kwenye fungu la bondia. Nilimuuliza pambano la kwanza ni lini na bondia atapata ngapi. Akanijibu, "Dada, tuanze na imani kwanza." Nikamwambia hata muuza mkaa wangu ananiambia bei. Hatukutia sahihi.

Hesabu yenyewe ni hii. Bondia wa ridhaa akichukuliwa na timu ya Polisi, Magereza au Jeshi, mwisho wa mwezi mshahara unaingia, awe ameshinda au ameshindwa. Wa kulipwa hulipwa akipigana, na mapambano hapa hayaji kila mwezi. Hata Philip Waruinge wa hapa kwetu Nakuru, mwenye shaba ya Mexico 1968, tuzo ya Val Barker ya bondia bora wa Olimpiki hiyo, na fedha ya Munich 1972, ngumi za kulipwa alizifuata Japan, akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 akakosa ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, mbele ya Rigoberto Riasco kule Panama. Kama yule ilibidi avuke bahari, wangu ninamwambia asiache kazi ya gereji.

Kwa kocha nawapa nyota nne. Alipopigiwa simu kwamba kuna nafasi ya mdogo wangu kwenda nje kupigana na kijana wa huko, taarifa ya siku chache, alikataa bila kuuliza pesa ni kiasi gani. Nenda jioni, asubuhi pamejaa watu wa kupunguza tumbo. Beba maji na bandeji zako, na mkataba wowote utakaopewa pale uje nao nyumbani kabla hujaomba kalamu.