Kijiko cha mbegu za nyanya na maneno niliyopewa bure

Kwanza niseme, duka hili la pembejeo nimelisifia kwa watu wengi. Bomba langu la kupulizia dawa walinitengenezea bila kudai senti. Mchicha wao hauna mpinzani hapa Kihonda, Morogoro, unasia leo, siku ya nne tuta limeshaanza kuwa kijani. Kwa hiyo atakayesema nina chuki na mwenye duka, hanijui.

Chuki imeanza masika haya.

Sisi tunalima bondeni, kila mtu na matuta yake machache ya kukodi. Najua mtaniambia nyanya kwenye mvua ni kujitafutia bakajani, ule ugonjwa wa majani. Ndiyo maana nilisubiri masika yaelekee ukingoni, ili miche ikifikisha wiki nne niihamishe kipindi cha ubaridi, mvua zikiwa zimekatika. Ukipoteza wiki mbili hapo, umepoteza.

Mzee mwenye duka akanichotea mbegu za nyanya aina ya Tengeru 97 kutoka kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa, kijiko kimoja cha chai, akafunga kwenye kipande cha gazeti. Sh 3,000. Nikaulizia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ile lebo ya kukwangua. "Iko kwenye kopo." Kopo lenyewe limegeuziwa ukutani. Ningeondoka pale pale, lakini nikajitia ustaarabu.

Kitalu nilikiandaa kama natandikia mtoto mchanga. Samadi iliyooza vizuri, mbegu nikazifunika kwa udongo kidogo tu, nyasi kavu juu, maji asubuhi na jioni. Siku ya saba, kimya. Siku ya kumi nikawa nafunua nyasi kila saa kama mtu mwenye njaa anayechungulia chungu cha maharage. Wiki ya pili ikaisha na miche 11. Kijiko kizima, miche 11! Mitatu kati ya hiyo ikaondoka na kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche kitaluni.

Nikarudi dukani kwa adabu zote, shikamoo mbele. Mzee hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Binti, mbegu haina shida. Wewe huna mkono wa kupanda." Wateja watatu wamesimama. Mmoja akacheka.

Sina mkono wa kupanda! Mimi, ambaye mke wa mzee huyo huyo hununua sukuma wiki kwangu! Hata fedha sikudai tena, koo lilikuwa limekauka. Na kibaya zaidi nikaanza kuamini. Nikishika jembe naisikia ile sauti, nikitazama bamia zangu naona kama zimesinyaa.

Aliyeniponya ni kijana wake wa dukani. Alinifuata hadi kwa bodaboda, akaninong'oneza: "Dada, lile kopo liko wazi tangu vuli, na pale juu karibu na bati ni joto tupu." Akaniambia nichukue mbegu 10, nizikunje kwenye kitambaa kibichi, nisikiache kikauke, nihesabu baada ya wiki. Kwenye gazeti zilikuwa zimebaki chache. Ziliota 2. Za pakiti iliyofungwa, aliyoniuzia kijana mwenyewe, ziliota 9 kati ya 10. Kitambaa kimoja, maji mamoja, na mkono ni huu huu usiojua kupanda.

Nilikaa kuandika kwamba msikanyage pale. Lakini pakiti zao ni nzima, na yule kijana ana moyo. Basi nendeni, ila msikubali kitu cha kijiko, na nendeni mzee akiwa msikitini. Hapana, hata hivyo hapana! Mtu anauza mbegu zilizokufa halafu anakutangaza mbele za watu kuwa wewe ndiye umeziua? Angesema tu "pole, chukua nyingine", leo ningekuwa naandika habari za mchicha.

Miche ya pakiti nimeihamisha juzi, imesimama vizuri. Jirani wa tuta la pili akaniuliza mbegu nimetoa wapi. Nikamtajia duka, ulimi ukiniwasha. Mimi mwenyewe nilikula kiapo sirudi, ila mbegu za mchicha zimeniishia na lile bomba limeanza kuvuja tena.