Seva ya dola sita inayobeba roboti ya akina mama wa dagaa, Kirumba

Kama una roboti ya Telegram, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe, inayotegemewa na watu wenye kazi zao, kodi seva, kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote. Nalisema mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu. Ninayotumia ni ya DigitalOcean, kampuni inayokodisha seva, ile ya dola 6 kwa mwezi: RAM (kumbukumbu) ya GB 1, prosesa moja, diski ya GB 25, na ndani yake nimeweka Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Kwa hela yetu ni kama elfu kumi na tano, inapanda na kushuka kulingana na dola imeamkaje.

Mimi ni mtunza hesabu wa kikundi cha akina mama wanaouza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Roboti yetu ina kazi mbili. Mwanachama akiandika "hisa", anajibiwa michango yake hadi leo na mkopo uliobaki. Akiandika "bei", anapata bei ya gunia ya asubuhi hiyo Mwaloni, pamoja na zile tunazotumiwa na wenzetu wa Nansio na Musoma. Bei ya dagaa haikai. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua, na gunia linapanda kabla jua halijatoka. Mama aliyeamka na bei ya jana kichwani anauza kwa hasara mbele ya mnunuzi anayepeleka mzigo Congo na anayejua bei zote. Ndiyo maana kwangu seva inapimwa kwa swali moja: saa 11 alfajiri, roboti inajibu au haijibu?

Kompyuta yangu ya nyumbani, Nyegezi, ilikuwa na nguvu za kutosha na kubaki, lakini umeme ukikatika usiku na roboti nayo imezimika. Huduma za bure za mtandaoni nyingi huilaza programu isipotumika kwa muda, na hakuna anayekuhakikishia kwamba zitakuwepo mwakani. Heroku, huduma ya kuweka programu mtandaoni iliyokuwa kimbilio la wengi, walifunga mpango wao wa bure Novemba 28, 2022.

Kabla ya kukodi seva hii nilinunua kifurushi cha mwaka mzima kwa muuzaji mmoja wa hosting (nafasi ya kuweka tovuti) hapa nchini, jina lake naliacha. Alinihakikishia kwamba roboti itakaa humo bila shida. Haikukaa. Vifurushi vile vya kugawana seva vimetengenezwa kwa ajili ya tovuti: mtu anafungua ukurasa, anahudumiwa, kazi imeisha. Programu inayotaka kukesha inakatwa. Nilipompigia akaniambia nilipie kifurushi kikubwa zaidi. Liliniuma sana, maana ile ilikuwa hela ya kikundi, na tangu mwanzo nilimweleza wazi ninachotaka kuweka.

VPS, yaani seva pepe unayokodi kama hii yangu, ni habari nyingine. Unakabidhiwa mashine yako ya Linux, na wewe ndiye mwenye mamlaka yote juu yake. Kuifungua kulichukua muda wa kuchemsha chai: unachagua mji, unachagua ukubwa, unaweka ufunguo wako wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), unapewa anwani ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Afrika hawana kituo. Nilichagua Amsterdam, na sijutii, kwa sababu Telegram nao wana mitambo huko. Watu wengi wanahangaika na umbali wa seva kutoka Mwanza bila sababu. Ujumbe wa mama wa Kirumba hauji kwenye seva yangu moja kwa moja, unapitia Telegram kwanza. Seva ikikaa karibu na Telegram inatosha, na majibu yanarudi kabla mtu hajaweka simu chini.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni jinsi mpango mzima ulivyo mwepesi. Roboti ya Telegram inaweza kufanya kazi kwa njia mbili: ama Telegram wakuletee ujumbe mlangoni, na hapo utahitaji anwani ya tovuti ya HTTPS yenye cheti cha usalama, ama roboti yako yenyewe iwe inawauliza kila mara kama kuna kipya. Nilichagua hii ya pili. Sikununua jina la tovuti, sikuhangaika na cheti, na sikufungua mlango wowote kwenye seva zaidi ya ule wa SSH ninaoingilia mwenyewe. Halafu Telegram wanakutunzia ujumbe ambao haujachukuliwa kwa hadi saa 24. Nikiizima seva kidogo kuiwekea masasisho, wanachama walioandika wakati huo wanajibiwa ikiwaka. Hakuna anayejua kilichotokea.

Kuiweka hai nimeiachia systemd, msimamizi wa programu ambaye tayari yumo ndani ya Ubuntu. Unaandika faili fupi, unaweka mstari wa Restart=always (iwashe tena kila ikizimika), basi. Nimeijaribu kwa kuiua roboti makusudi, na imefufuka kabla sijamaliza kuandika amri ya kuikagua. Nikitaka kujua ilichokuwa ikifanya usiku, amri ya journalctl inanionyesha mstari kwa mstari.

Sasa usalama, na hapa naomba usome taratibu. Seva ikishapata anwani ya IP, dunia nzima inaanza kuibishia hodi. Siku ileile niliyoifungua niliangalia logi (kumbukumbu za matukio ya seva) nikakuta mistari ya "Invalid user" inashuka mfululizo: admin, test, oracle, postgres. Ni programu za watu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikikisia majina na nenosiri. Hawakujui, wanajaribu kila anwani. Dawa yake ni kuzuia kabisa kuingia kwa nenosiri, uingie kwa ufunguo tu, na kuwasha ufw, ukuta wa kinga wa Ubuntu, iache mlango mmoja. Tokeni, yaani msimbo wa siri wa roboti uliyopewa na BotFather (roboti ya Telegram inayosajili roboti nyingine), nayo iweke kwenye faili lisilosomeka na mtumiaji mwingine, usiiandike ndani ya programu. Mwenye tokeni ndiye mwenye roboti. Hisa za mtu ni siri yake, na kuna akina mama ambao hata nyumbani kwao hawajui wana kiasi gani kwenye kikundi. Ukihisi imevuja, mwambie BotFather aifute akupe nyingine hapohapo.

Mambo mawili madogo ya kurekebisha mapema. Saa ya seva huja ikiwa ya UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Ukipanga bei zitumwe saa 11 alfajiri bila kuibadilisha kuwa Africa/Dar_es_Salaam, akina mama watazipata saa 2 asubuhi, mzigo umeshauzwa. Pili, ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 1, kwa sababu haiji nayo, na masasisho ya Ubuntu hupenda kumbukumbu. Upo mpango wa dola 4 wenye RAM ya MB 512. Roboti ya maandishi tupu itaingia humo, ila nafasi ya kupumua ni ndogo, nami kwa kazi ya hela za watu nisingeuchagua.

Nakala ya akiba wanakufanyia wenyewe mara moja kwa wiki kwa nyongeza ya asilimia 20, yaani dola 1.20 kwa mpango wangu. Ilipie. Lakini wiki ni mbali mno kwa michango inayoingia kila siku. Kila usiku hifadhidata yetu ya SQLite, faili moja lenye rekodi zote, inafungwa kwa nenosiri, kisha roboti inanitumia faili hilo Telegram. Roboti inaruhusiwa kutuma faili hadi la MB 50, na letu bado halijafika hata MB 1.

Malipo ndiyo sehemu itakayomsumbua Mtanzania wa kawaida. Wanataka kadi. Mimi natumia kadi ya benki ya Visa, na ilibidi niombe benki iifungulie manunuzi ya mtandaoni. Bili inakatwa mwanzoni mwa mwezi kwa mwezi uliopita, kwa hiyo weka hela kwenye akaunti kabla ya tarehe moja. Ujue pia kwamba kuizima seva hakusimamishi bili, kwa sababu diski na anwani bado vimeshikwa kwa jina lako. Usipoihitaji tena, ifute. Huduma kwa wateja ni ya kuandikiana, kwa Kiingereza. Maelekezo yao yaliyoandikwa ni mazuri mno, nimejifunza Linux nusu nzima kutoka humo, ila kwa asiyesoma Kiingereza huo ni ukuta.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima iliyumba. Huku kurasa zilikuwa hazifunguki. Roboti kule Amsterdam haikutikisika, na yeyote aliyebahatika kupata mtandao hata wa kusuasua alipewa bei na hisa zake. Mashine ya Nyegezi isingeweza hilo.

Kama roboti yako ni ya kujifunzia au ya kuchekesha marafiki, endelea na kompyuta yako, hela hii ibaki mfukoni. Kama ni ya kikundi, duka, zahanati au shule, kodi. Wenzetu wa Musoma wameshaomba roboti kama yetu, na nimewaambia wasifungue seva nyingine: hii hii ina nafasi ya kubeba ya pili, watachangia dola 3.