Krimu tatu kwa sebule moja: uzoefu wangu na huduma ya kuchanganyiwa rangi kwa mashine Kariakoo

Sebule yenyewe ni mita 4 kwa 3.5, kuta zina kimo cha mita 3, dirisha linatazama kaskazini na sakafu ni ya vigae vyenye wekundu. Krimu tatu nilizozitenga kwenye kadi ya sampuli za rangi zilikuwa karibu mapacha. Duka lina mashine ya kuchanganya rangi, kwa hiyo niliagiza kila moja kwa kopo la lita 1 kabla ya kugusa ndoo. Kama unafikiria kuruka hatua hiyo ili kuokoa pesa, usiiruke. Ndiyo pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Kadi ina kipande kidogo mno, nacho mara nyingi kimechapishwa tu, siyo rangi yenyewe. Hata hivyo inaweza kukusaidia kupunguza. Iweke juu ya karatasi nyeupe kabisa ya kuchapishia, na kila krimu itaonyesha ilichobeba ndani: moja inaelekea pinki, nyingine njano, nyingine kijivu chenye ukijani. Ukiwa bado huoni, angalia rangi nzito kuliko zote kwenye mstari huohuo wa kadi. Ile nzito haifichi asili yake.

Jaribio usilifanye kwa kupaka kiraka ukutani, kwa sababu rangi ya zamani iliyokizunguka inadanganya jicho. Chukua karatasi za manila nyeupe, moja kwa kila rangi, upake mikono miwili, yaani rangi mara mbili, na kuiacha ikauke kabisa. Rangi nyingi za maji zikikauka hukolea kidogo, basi ukiamua ikiwa mbichi umeamua rangi nyingine. Acha ukingo mweupe wa vidole viwili. Kisha zisimamishe ukutani, chini karibu na vigae, halafu kwenye kona iliyo mbali na dirisha. Zitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, na saa mbili usiku taa zikiwaka.

Hapo ndipo mapacha walipoachana. Ile ya pinki iliharibika karibu na sakafu, maana vigae vyekundu hurudisha wekundu ukutani na mmoja ukaongezea mwingine. Ya njano ilipendeza asubuhi, lakini chini ya taa ya mwanga wa njano, ile yenye alama 3000K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni njano, kubwa ni nyeupe ya baridi), ikawa siagi tupu. Yenye kijivu, ambayo kwenye kadi ilionekana imepooza, ndiyo niliyoichukua: ukijani wake unazima wekundu wa sakafu. Ila chini ya taa nyeupe kali ya 6500K, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, inakuwa baridi kama wodi. Kwa hiyo chagua taa kwanza, kisha rangi. Mimi nimeweka 4000K.

Kumbuka pia jua la Dar es Salaam. Mwezi Juni linaegemea kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini linaingiza mwanga wa moja kwa moja; Desemba linahamia kusini na chumba hichohicho kinapoa rangi. Na mwembe ulio karibu na dirisha hutia ukijani ukutani mchana kutwa. Mwenye mwembe achague krimu yenye joto kidogo zaidi, yaani inayoelekea pinki au njano.

Kiasi: mzunguko wa kuta ni mita 15, mara kimo cha 3 ni mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 40. Kwa mikono miwili ni 80, na lita 1 hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini uliokwisha kupigwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta. Hapo ni lita 8, nawe ongeza ya akiba. Makopo yote yachanganywe siku moja, kisha fundi ayamimine pamoja kwenye ndoo ya lita 20. Krimu huhitaji matone machache sana ya rangi kali, na tofauti ndogo ya tone kati ya kopo na kopo huonekana katikati ya ukuta.

Fundi asipake kingo na kona zote kwa brashi leo akaja kuviringisha rola kesho. Alama ya fremu itabaki. Aende ukuta mmoja mmoja, rola ikutane na brashi ikiwa bado mbichi. Na ukijaribu mati (isiyong'aa) usinunue silki (yenye mng'ao): msimbo wa rangi ni uleule, lakini mng'ao hubadilisha rangi na kuanika kila kasoro ya skimu, ile lipu laini ya kusawazisha ukuta.

Mashine inaishinda mbali rangi ya kukorogwa kwa mkono, kwa kuwa inaweza kurudiwa ukihitaji kuziba doa mwakani. Dosari ya duka nililokwenda ni stika ya kopo: iliandikwa jina la rangi tu. Dai iandikwe msimbo, aina ya besi (rangi ya msingi ambayo mashine huitilia matone), ukubwa wa kopo na tarehe, na uipige picha kabla haijachafuka. Mwambie pia mhudumu afungue kifuniko, apake tone juu yake na kulikausha, ulilinganishe na manila yako kabla ya kulipa.