Uzoefu wangu wa kutafuta riwaya za Kiswahili: zipi zimenilipa pesa yangu

Mimi ni msomaji mgumu kuridhika, na sioni haya kulisema. Nikishasoma kurasa kadhaa na mhusika bado anaongea kama mgeni rasmi kwenye mahafali, kitabu nakiweka pembeni. Ndugu na marafiki huniambia riwaya za Kiswahili zenyewe chache, kwa hiyo nisome kinachopatikana na nisiwavunje moyo waandishi wetu. Sikubaliani nao. Hapa Dar es Salaam riwaya moja nainunua kati ya shilingi 10,000 na 20,000, kisha inachukua jioni zangu za wiki nzima. Anayetoa vyote hivyo ana haki ya kudai kazi iliyoiva, na anayekipenda Kiswahili ana haki hiyo mara mbili.

Nianze na jinsi ninavyopima kitabu kabla sijatoa pesa. Maneno ya nyuma ya jalada siyasomi, wala utangulizi. Nafungua katikati, natafuta mahali watu wawili wanazungumza, nasoma pale pale nimesimama, kwa sauti ya chini. Mke akimwambia mumewe chumbani, "Mume wangu, je, hujui kwamba rushwa ni adui wa haki?" narudisha kitabu rafuni. Hakuna mke anayesema hivyo usiku. Atasema pesa hizi umezitoa wapi, au atanyamaza na kumgeuzia mgongo, na mwandishi anayewajua watu atajua lipi kati ya hayo linamfaa mke huyu. Majibizano hayadanganyi. Mwandishi anaweza kuazima methali, anaweza kuremba maelezo ya machweo, lakini watu wakifungua midomo unajua mara moja kama amewahi kuwasikiliza majirani zake.

Halafu natazama mwanamke anavyoingizwa kwenye hadithi. Umbo namba nane, macho ya kurembua, mwanya, sauti nyororo, na hapo hapo mwandishi amemaliza kumtambulisha. Hana kazi, hana mama, hana jambo analolitaka. Kwa vitabu vingi vya mapenzi na vya upelelezi nilivyofungua, hapo ndipo tulipoachana.

Sasa kuhusu huduma yenyewe ya kuuziwa. Kinachonichosha zaidi kwenye maduka ya vitabu ya mjini ni swali la kwanza la muuzaji: "Dada, unataka za kidato cha ngapi?" Nikijibu kwamba nasoma mwenyewe, anatabasamu, anauliza kama ni za mtoto. Simlaumu kijana wa kaunta. Duka limepangwa hivyo. Riwaya zimekaa karibu na vitabu vya hisabati na vya biolojia, zimepangwa kufuata orodha ya shule, na kando ya kila riwaya kuna kijitabu cha uchambuzi kinachoeleza dhamira, ujumbe, falsafa na matumizi ya lugha. Mara nyingi kijitabu hicho ndicho kinachonunuliwa, riwaya inabaki.

Madhara yake ni makubwa kuliko usumbufu wangu wa dukani. Kitabu kikiishi kwa sababu ya mtihani, kitakufa kikitolewa kwenye orodha. Mchapishaji hana sababu ya kukichapa upya, muuzaji hana sababu ya kukiagiza. Na kwa kijana aliyekisoma akitafuta "dhamira nne na mifano", kitabu hicho kimeshakuwa swali la insha. Nimekutana na watu wazima wenye akili zao wanaoniambia hawapendi riwaya za Kiswahili, na ukiwauliza wamesoma zipi, wanataja zile zile za kidato cha tatu na nne, wakiwa na umri wa miaka kumi na saba, chini ya mwalimu aliyekuwa na haraka ya kumaliza mada. Hao wamesoma kwa ajili ya mtihani, na mtu hapaswi kuhukumu riwaya kwa njia hiyo.

Waandishi nao wameliona soko liko wapi. Ndiyo maana mafunzo yamejaa mpaka kwenye majina ya wahusika: mwema anapewa jina la wema, mbaya jina la ubaya, na sura ya mwisho inafanya kazi ya mahubiri. Mimi ni mtu mzima. Nionyeshe mtu anapokea bahasha, nionyeshe anavyoilaza chini ya godoro na anavyoshindwa kumtazama mwanawe usoni asubuhi. Hukumu niachie.

Wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini, maeneo ya Posta, wamenitendea vizuri zaidi. Hawana mpangilio wowote, na hiyo ndiyo faida yake: utapata nakala iliyokunjika pembe, yenye jina la mtu na la shule ya sekondari ya mwaka 1982, kwa bei ya soda kadhaa. Wengi wao wanasoma. Kaka mmoja ninayenunua kwake huniwekea vitabu pembeni, na akiniambia "hiki hutakipenda, dada," huwa kweli sikipendi. Hiyo ni huduma ambayo sijaipata penye kiyoyozi.

Kuhusu simulizi za mitandaoni nitasema kwa ufupi. Kasi yake naipenda, na wapo wenye kipaji halisi cha kushika msomaji. Lakini hadithi inayoandikwa ili kila kipande kiishie kwenye mlango unaogongwa haina nafasi ya mtu kukaa na kufikiri, na baada ya vipande thelathini wahusika wote wanafanana. Niliwahi kulipia simulizi nzima kwa simu, sehemu za mwisho hazikuja hata leo. Pesa haikuwa nyingi, ila tangu hapo silipii ambacho hakijakamilika.

Vitabu vyenyewe sasa.

Kilichonishika kuliko vyote ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1976. Rehema ni binti wa tajiri mwenye mashamba, na baba anamkataa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Jambo zito kama hilo, mwandishi mwingine angetupa hotuba juu ya ubaguzi kila baada ya kurasa tano. Huyu anaonyesha nyumba ilivyo, nani anaitwa mezani na nani haitwi, na mtoto anavyojifunza nafasi yake kabla hajajua kuieleza. Baadaye anaingia Sulubu, mkulima aliyemwoa, na ardhi wanayoilima kwa mikono yao, na unaanza kuelewa kwamba kilichokuwa ndani ya nyumba moja ndicho kilichokuwa ndani ya kisiwa kizima. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimejaa na hakijivuni. Kiu, riwaya yake ya 1972, ni fupi na kali zaidi, inahusu tamaa ya mali na ya mapenzi, na wahusika wake hawabembelezi msomaji awapende. Shida ni kuzipata. Kama hujabahatika kwa wauza mitumba, jaribu maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kwa vitabu vya miaka ya sabini maktaba ina nafasi nzuri kuliko duka.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inapatikana kirahisi, na kwa mara hii moja nazishukuru shule kwa hilo. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwenye duka mwenye umri wa kuwa baba yake. Anatoroka, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, mtaa wa Mji wa Zanzibar, anakutana na Denge anayepambana na utawala wa Waingereza kwa siri. Ninayemkumbuka zaidi ni Mwajuma. Anafungua mlango wake bila kuuliza maswali mengi, anacheka, anakunywa, anakosea, na kila anapoongea unasikia mtaa mzima nyuma yake. Kipimo changu cha majibizano kitabu hiki kinakipita popote utakapokifungua. Amil Shivji alitengeneza filamu yake iliyotoka 2021, na ni nzuri kwa macho, lakini soma kwanza. Adam Shafi huyo huyo ana Kuli ya mwaka 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Bandarini, kwenye jua na magunia, kitabu kinanguruma. Panapoanza mafunzo ya siasa kinapunguza mwendo, na sikuona haja yake, kwa sababu magunia yenyewe yalikuwa yameshasema.

Euphrase Kezilahabi nampa heshima ya pekee kwa kuwa hakumwogopa msomaji. Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa shuleni kwa muda, na ukiisoma leo unaelewa kwa nini watu wazima walitetemeka: inamweka Zakaria, baba yake Rosa kule Ukerewe, mbele ya matokeo ya ukali wake mwenyewe. Kichwamaji ni chungu zaidi. Kazimoto anasimulia mwenyewe, na hakupi mahali pa kupumzika. Nagona na Mzingile ni vitabu vyembamba vinavyohitaji usomwe polepole, urudie, uvumilie kutoelewa. Nilivipenda, lakini sitamwuzia mtu aliyetoka kazini amechoka.

Ukitaka raha tupu, msome mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta kwenye Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum pembeni. Mauaji yapo na fumbo lipo, ila mimi nasoma kwa ajili ya maneno yao: wanavyotaniana, wanavyouliza swali huku wakilificha ndani ya salamu. Wapelelezi wengine, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wanakimbia kasi zaidi, na vita vyao vya Afrika kupambana na makaburu na wasaliti vilinifanya nikeshe. Wanawake ndipo vinapoanguka, isipokuwa Nuru, mwenzake Joram Kiango, ambaye ana akili yake na anaitumia.

Kutoka Kenya, Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, ina sura za Tanga na mama mwimbaji wa taarabu ambazo nimezirudia kwa upendo. Safari ya Kongowea, mhusika mkuu, kumtafuta baba yake inategemea mno bahati ya kukutana na watu sahihi, na Kongowea mwenyewe ni mwema kupita kiasi. Hata hivyo lugha yake inatiririka, na ningempa kijana anayeanza bila kusita.

Na ya karibuni iliyonifurahisha ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobel 2021, na Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili 2022 kupitia Mkuki na Nyota. Naziogopa tafsiri, kwa sababu nyingi zinanuka lugha zilikotoka. Hii imerudi nyumbani. Kijana Yusuf anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa deni la baba yake, misafara ya kwenda bara, bustani iliyozungushwa ukuta, vyote vinasikika kana kwamba vilikuwa vikisubiri lugha hii.

Nina malalamiko kwa wachapishaji, na nayasema kwa sababu natoa pesa. Nimenunua riwaya mpya iliyoachia kurasa kabla sijafika nusu, gundi ikiwa imekauka. Nimesoma nyingine ambayo mhusika alibadilika jina katikati ya sura na hakuna mhariri aliyeona. Mwandishi aliyekaa na kazi yake miaka hastahili hilo. Mhariri mmoja makini angeokoa nusu ya riwaya nilizoziacha njiani, kwa kufuta tu aya za mahubiri.

Kwa waandishi wapya nafuata majina yanayotangazwa na tuzo, ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, pamoja na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa 2023. Tuzo haimaanishi nitakipenda kitabu, na bado nafungua katikati kama kawaida. Inamaanisha tu kuna mtu amekisoma chote kabla yangu akiwa hatafuti jibu la mtihani.

Kama mwezi huu una pesa ya kitabu kimoja, nunua Vuta n'kuvute. Kama ulikisoma shuleni, kisome tena bila kalamu. Na ukikutana na nakala ya Nyota ya Rehema kwa muuzaji wa chini, usimwombe apunguze bei.