Ringi za DT Swiss EX 511 baada ya miezi 14 ya mawe, na habari ya upepo

Wadau wa baiskeli za milimani, hii naiandika hasa kwa mtu mwenye mwili kama wangu, kilo 94 kabla sijabeba hata chupa ya maji, ambaye kila baada ya mwezi anarudi kwa fundi na ringi imepinda. Nimehangaika na hilo jambo muda mrefu sana na hela nimepoteza, sasa nimetulia, basi acha niseme nilichokiona.

Ringi zilizokuja na baiskeli yangu zilikuwa nyembamba, spoku 28, na mimi upepo nilikuwa najaza sheli kwa kukadiria, kama psi 45 hivi (psi ni kipimo cha presha ya upepo), tairi linakuwa gumu kama jiwe. Baiskeli inaruka ruka kila kokoto, mikono inakufa ganzi, na spoku za nyuma zinalegea maana kila pigo linaenda moja kwa moja kwenye ringi, tairi halimezi chochote. Mtu akaniambia punguza upepo. Nikapunguza kwa kubonyeza na kidole gumba, nikaona sasa iko laini, nikaenda nayo Usambara. Njia ya Lushoto kwenda Mtae, nimeshapita Lukozi, nateremka kwa kasi, nikasikia kang! ya chuma kwenye jiwe. Nilipogeuza baiskeli ukingo wa ringi ulikuwa umekunjamana kwa ndani kama mdomo wa sufuria iliyoangushwa, na tyubu ina matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Hayo matundu mawili ukiyaona ujue hukuchomwa na mwiba, tyubu imebanwa kati ya jiwe na ringi, yaani upepo ulikuwa mdogo kwa uzito wako.

Kwahiyo kosa halikuwa moja, upepo mwingi uliua spoku, upepo kidogo ukaua ringi.

Ndo nikaagiza EX 511, ndugu yangu akaja nazo kutoka Ujerumani. Ni ringi za aluminiamu, upana wa ndani milimita 30, nikachukua za matundu 32 ya spoku, saizi ya inchi 29 (kama unaagiza, angalia namba 622 ubavuni mwa tairi lako, 584 ni ya 27.5 na 559 ni ya 26, usije ukaletewa isiyoingia). Kaboni niliifikiria nikaiacha. Kaboni ni nyepesi na ngumu kweli, lakini ikizidiwa inapasuka, na ikipasuka huku kwetu ndo basi, wakati aluminiamu inabonyea na fundi anaweza kuirudisha ukafika nyumbani. Kwa mtu anayeendesha mbali na duka hiyo ndo hoja kubwa kuliko gramu. EX 511 si ringi nyepesi, anayetafuta kushinda mbio za kupanda mlima atafute nyingine, hii imetengenezwa kwa ajili ya kuteremka kwenye mawe na unaiona ukuta wake ulivyonenepa ukiishika mkononi.

Ringi mbili na spoku 64 zilinitoka zaidi ya laki saba. Inauma, ila nikijumlisha nilichokuwa nampa fundi kila mwezi pamoja na tyubu, naona nilichelewa.

Sasa fundi. Ringi nzuri ikisukwa ovyo itakufa kama mbovu, hili naomba lizingatiwe. Mzee aliyenisukia hizi, hapa hapa Arusha, alikaa nazo siku mbili. Alipaka mafuta kidogo kwenye nyuzi za kila spoku, akazikaza kidogo kidogo kwa zamu, halafu akawa anazibana mbili mbili kwa kiganja mpaka zinalia kri kri, anasema zikae mahali pake sasa kabla hazijakaa zenyewe njiani. Mwisho akawa anazigonga moja moja kwa ukucha anasikiliza, upande mmoja wa gurudumu zote zinatakiwa zitoe mlio unaofanana, ikisikika moja inalia chini kuliko wenzake hiyo imelegea na wenzake wanabeba mzigo wake. Tangu siku hiyo na mimi kila Jumamosi nazigonga kabla sijatoka.

Upepo: nimeachana na tyubu, nimeweka tyubulesi, yaani tairi linashika upepo lenyewe bila tyubu, na ile dawa nyeupe ya kuziba matundu, na kwa mbigili na miiba ya migunga ya kule Monduli hiyo peke yake inatosha kunifanya niipende. Mbele nina tairi la Maxxis Minion DHF la upana wa inchi 2.5, nyuma DHR II la 2.4. Nilianza psi 30 zote mbili, nikachagua kipande kimoja cha njia chenye mawe na kona, dakika kumi hivi, nikawa nakipita tena na tena kila mara napunguza psi 1. Ukifika mahali ringi inagusa mawe mara kwa mara, au kwenye kona tairi linahisi linakunjika chini yako, rudisha psi 2, hapo ndo kwako. Kwangu imekuwa 24 mbele na 27 nyuma, nyuma inazidi maana ndiko uzito ulikokaa. Mwenzangu wa kilo 65 kwenye njia ile ile anatumia 20 na 22, kwahiyo usichukue namba zangu ukaziweka zilivyo. Na kama bado una tyubu, ongeza psi 4 au 5 juu ya hizo, la sivyo utarudi kwenye meno ya nyoka.

Geji ya kupimia upepo nunua ya kwako, ile ndogo ya dijitali inayosoma vizuri presha za chini. Geji ya pampu kubwa inayofika 160 haiwezi kukutofautishia 24 na 28, sindano haijasogea hata upana wa unywele, na psi 3 kwenye tairi kubwa ni tofauti unayoisikia mwilini. Kidole gumba ndo kabisa, tairi lenye ubavu mnene litakudanganya ni gumu kumbe halina kitu. Afu wale mnaotoka Dar kuja kuendesha Arusha au Lushoto, pimeni upya mkifika, kwenye mita 1,400 geji inasoma zaidi kama psi 2 bila hata kuongeza upepo, kwasababu hewa ya nje imepungua nguvu.

Miezi 14 sasa. Ya mbele bado imenyooka kabisa. Ya nyuma ina mbonyeo mmoja mdogo upande wa kushoto, niliupata kwenye korongo baada ya mvua, siku ambayo nilitoka bila kupima na nilipokuja kupima nikakuta 19. Fundi aliuangalia, akapitisha kidole, akaniambia auache hivyo hivyo maana upepo hauvuji na spoku za hapo zinalia sawa na nyingine.