Ukibadili Saizi ya Tairi, Soma Kwanza Namba ya Uzito

Gari langu ni Toyota Fielder, na kibandiko kilicho kwenye mwimo wa mlango wa dereva kinasema kwamba saizi ya matairi yake ni 195/65 R15. Mwaka jana matairi hayo yalipokaribia kuwa kipara nilizunguka maduka ya hapa Malindi asubuhi nzima, na kila nilipoingia niliambiwa kwamba saizi hiyo imekwisha na mzigo mpya utatoka Mombasa wiki ijayo. Nilikuwa na harusi ya ndugu yangu Mombasa siku ya Ijumaa, kwa hiyo sikuweza kusubiri. Muuzaji wa duka la mwisho akanitolea 195/55 R15, akalipiga tairi kwa kiganja na kuniambia, "Dada, ringi ni ileile kumi na tano, na upana ni uleule. Hayo mengine yasikusumbue." Nililipa shilingi 28,000 kwa matairi manne.

Tulisafiri watu watano wazima, na nyuma tulipakia masufuria mawili makubwa ya pilau, gunia la mchele na madebe ya mafuta. Gari lilikuwa likikwaruza karibu kila tuta kuanzia Gede hadi Mtwapa, na safari ambayo mita yangu ilizoea kuihesabu kilomita 120 ilihesabiwa 128. Miezi minne baadaye nilipata pancha, nikalipeleka tairi kwa mzee mmoja anayeziba matairi kwa miaka mingi. Alilizungusha polepole, akasema, "Mwanangu, tairi hili limebebeshwa lisichokiweza." Meno ya pembeni, pande zote mbili, yalikuwa yamelika ilhali ya katikati yalikuwa bado marefu, na ubavuni palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Kisha akaweka kidole mahali ambapo sikuwahi kupatazama: baada ya maandishi ya saizi palikuwa na 85V. Tairi langu la akiba, lile la saizi ya awali, lilikuwa na 91H.

Herufi ya mwisho ni ya mwendo, na kwa barabara zetu haina shida, kwa maana H hufika kilomita 210 kwa saa na V hufika 240. Namba iliyo kabla yake ndiyo sababu ya makala haya. Ni kiwango cha uzito ambao tairi moja linaweza kuubeba: 91 ni kilo 615, 88 ni kilo 560, na 85 ni kilo 515. Kwa matairi manne nilikuwa nimepoteza kilo 400, yaani mifuko minane ya saruji, bila mtu yeyote kunieleza. Mtu anaweza kupiga hesabu na kuona kwamba kilo 2,060 bado zinazidi uzito wa gari langu likiwa na abiria na mizigo. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu mzigo haugawanyiki sawasawa, matairi ya nyuma ndiyo hubeba sufuria na mchele, na tena kiwango hicho hutimia tairi likiwa na upepo kamili. Mimi niliendelea kuweka upepo wa 30 kama nilivyozoea. Tairi dogo lenye upepo uleule wa tairi kubwa hubeba uzito pungufu. Ubavu hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na joto hilo, likichanganyika na jua letu la saa saba mchana, hulegeza nyuzi zilizo ndani ya mpira.

Kuhusu kimo, jambo ambalo wauzaji hulipuuza vilevile, hesabu yake ni nyepesi. Katika 195/65 R15, ubavu ni asilimia 65 ya milimita 195. Uzidishe kwa mbili kisha ongeza ringi, ambayo ni milimita 381, utapata milimita 634.5. La 195/55 ni 595.5, yaani limepungua kwa zaidi ya asilimia 6, ilhali mafundi waangalifu hawapendi tofauti inayozidi asilimia 3. Gari langu lilishuka karibu sentimita mbili, na hizo ndizo zilizokuwa zikilia kwenye matuta.

Basi, kwa mwenye gari la 195/65 R15 ambaye ameikosa saizi yake, chaguo langu la kwanza ni 205/60 R15 yenye namba 91. Kimo chake ni milimita 627, tofauti ya asilimia 1.2 tu, uwezo wa kubeba ni uleule, na ringi ya kawaida ya gari hilo hulipokea bila matata. Tairi la akiba la saizi ya zamani likilazimika kukaa pamoja nalo mpaka ufike kwa fundi, tofauti ni ndogo mno kukuletea madhara.

La pili ni 205/65 R15 yenye namba 94, ambayo ni kilo 670. Ninaliweka hapa kwa ajili ya wanaokwenda Marereni, Baolala na sehemu za changarawe, kwa kuwa huinua gari kwa zaidi ya nusu sentimita. Hata hivyo usilipe kabla fundi hajalifunga moja mbele, akakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, watu wawili wakiwa wamekaa ndani, ili uhakikishe kwamba haligusi popote. Kumbuka pia kwamba mita itasoma 100 ilhali wewe unakwenda 102.

Wapo wanaonishauri 205/55 R16, nami nakiri kwamba kimo chake na namba yake ya 91 havina kasoro. Lakini lazima ununue ringi mpya, na ubavu wake ni mfupi zaidi kwa milimita 14, jambo ambalo shimo moja tu litakukumbusha. Nimeliweka la tatu. Chini ya hapo, 185/65 na 195/60 za R15 kwa kawaida huja na namba 88, na mimi sizipendekezi kwa gari linalobeba familia.

Wenye Probox nawasihi wawe waangalifu kuliko sisi sote. Zile mpya zaidi hutoka kiwandani na 155/80 R14 ya gari la mizigo, namba 88/86 (ya kwanza ni ya tairi linalofungwa peke yake, ya pili ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili). Ukifunga 175/70 R14 ya gari dogo, kimo kinatofautiana kwa milimita tatu tu na jicho halitatambua chochote, lakini namba ni 84, kilo 500, na nyuma mna makreti ya samaki.

Kwa upande wa chapa, sifichi kwamba mimi ni wa Bridgestone. Gari langu la kwanza lilivaa matairi hayo miaka minne, meno yakalika sawasawa pande zote, na maandishi ya ubavuni yalikuwa yakisomeka hadi siku nilipoyavua. Ukikosa, Yokohama inafaa. Kuhusu matairi ya mtumba nasema moja tu: tazama tarakimu nne za tarehe, kwani 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017, na tairi la umri huo halifai hata likiwa na meno mazuri.

Kinachoniudhi hadi leo ni jinsi tunavyouziwa. Unatajiwa bei ya tairi, kisha unaongezewa ya kufunga, ya valvu na ya kusawazisha. Matairi yako ya zamani yanabaki dukani bila kupunguziwa hata shilingi, na siku mbili baadaye unayaona yakiuzwa kando ya barabara. Niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba tairi likishafungwa halirudishwi, na risiti niliyoonyesha ilikuwa imeandikwa "matairi manne, ringi 15", basi. Kwa maneno hayo sikuwa na ushahidi wowote wa nilichouziwa. Nilipokwenda kununua 205/60, katika duka jingine, nilimwomba muuzaji aandike saizi yote kwenye risiti. Aliandika 205/60 R15 akanikabidhi kalamu nitie sahihi. Niliirudisha risiti juu ya meza, na sikutoa pesa mpaka alipoongeza 91H.