Maonyesho ya Watlingit, Westlands: ndoana imeishinda ramani

Maonyesho madogo ya picha na vifaa kuhusu Watlingit, wenyeji wa pwani ya kusini-mashariki mwa Alaska nchini Marekani, yanaendelea katika ukumbi mmoja wa Westlands kwa kiingilio cha shilingi 300, nami ninayapendekeza kwa yeyote anayejali namna watu wanavyoweza kuvua kizazi baada ya kizazi bila kuimaliza bahari.

Kifaa kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni ndoana ya halibuti, samaki bapa anayeweza kumzidi mvuvi kwa uzito. Ni nakala, lakini imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa: vijiti viwili vimefungwa pamoja kwa kamba vikaacha pembe, kimoja kikiwa na mwiba unaotazama ndani na kingine kikiwa kimechongwa umbo la kiumbe. Mwongozaji, ambaye Kiswahili chake ni fasaha, alitueleza kwamba nafasi iliyo kati ya vijiti hivyo ndiyo inayochagua samaki, kwa kuwa mdogo hafikii mwiba, na yule mkubwa mno, ambaye aghalabu ni jike mwenye mayai mengi, mdomo wake haupiti.

Kujizuia kulekule kunaonekana katika picha za mayai ya shakwe. Kwa desturi Watlingit wa kundi la Huna huokota mayai kwenye viota vyenye yai moja au mawili na kuviacha vyenye matatu, maana ndege ambaye hajamaliza kutaga hutaga tena. Baada ya miaka mingi ya katazo katika hifadhi ya Glacier Bay, sheria ya kuwaruhusu ilipitishwa mwaka 2014.

Upande wa safari haukutendewa haki. Mtumbwi wa mwerezi umeelezwa vyema: gogo lililochongwa hujazwa maji, yakatumbukizwa mawe ya moto, hadi mbao zilainike na ubavu upanuliwe. Fundi wa Lamu angeisoma picha hiyo kwa hamu. Njia za nchi kavu, hata hivyo, zimeachiwa ramani moja iliyotundikwa nyuma ya mlango, ilhali Wachilkat, kundi mojawapo la Watlingit, walivusha mafuta ya samaki milimani kubadilishana na manyoya ya bara, na biashara hiyo waliilinda kiasi kwamba mwaka 1852 waliivamia na kuipora stesheni ya Hudson's Bay Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya manyoya, huko Fort Selkirk katika Kanada ya leo. Waandaaji waihamishe ramani hiyo na kuiongezea maelezo.

Nendeni Jumamosi asubuhi, mwongozaji anapokuwapo, kwa sababu vibandiko vyote vimeandikwa kwa Kiingereza pekee.